Je, Wajua? Nani Anamchunga Wakili?

Je, wajua kwamba dalali wa mahakama, yule anayekuja na lori kubeba friji na sofa za mdaiwa, anatakiwa kwanza apande milima ya Usambara kuisomea kazi hiyo? Kanuni za mwaka 2017 zinamtaka awe na cheti cha umahiri kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Msambaza nyaraka, yule anayebisha hodi na samansi mkononi, naye vivyo hivyo. Chuo chenyewe kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1998. Kiko kilometa 33 hivi kutoka Mombo, kwenye baridi inayowafanya wanafunzi wa kutoka Pwani watafute sweta la mtumba kabla hata hawajatafuta daftari.

Majaji wapya nao hupelekwa hukohuko kwa mafunzo elekezi. Kwa hiyo anayeandika hukumu na anayekuja kuitekeleza, wote wamezionja kona za barabara ya Soni. Njia ya wakili haipiti huko. Yake ni nyingine, na ina malango mengi kuliko anavyodhani mzazi anayemtangazia jirani kwamba mwanawe "anasomea uwakili".

Je, wajua kwamba shahada ya sheria haikufanyi wakili? Mhitimu wa chuo kikuu ni mwanasheria, basi. Akitaka kusimama mbele ya hakimu kumtetea mtu kwa malipo, sharti apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Akitoka salama ndipo anapoomba kwa Jaji Mkuu. Siku ikifika anavaa joho jeusi, anaapa, na jina lake linaingia kwenye Daftari la Mawakili. Hata hapo bado hajamaliza, kwa maana leseni ya uwakili ni ya mwaka mmoja. Desemba 31 ikipita bila kuihuisha, msomi wetu anarudi kuwa raia mwenye suti nzuri.

Je, wajua kwamba Oktoba 2022 nchi nzima iligombana kwa sababu ya namba tatu? Wanafunzi 633 wa taasisi hiyo walipata matokeo: 26 walifaulu moja kwa moja, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, 265 waliondolewa masomoni. Mitandaoni watu waligawanyika. Kundi moja lilisema vyuo vikuu vinamwaga wahitimu wasiojua kuandika hati ya madai. Jingine likasema taasisi inafelisha kwa makusudi ili soko lisifurike. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Damas Ndumbaro, aliunda kamati ya kuchunguza na kumkabidhi Harrison Mwakyembe uenyekiti. Lishike jina hilo la pili, tutakutana nalo tena.

Je, wajua kwamba Kitivo cha Sheria, kilichokuja kuwa mzizi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 15? Leo Daftari la Mawakili lina majina zaidi ya 10,000.

Je, wajua kwamba Tanganyika bado ipo? Ipo kwenye jina la Chama cha Wanasheria Tanganyika, ambacho kila mtu anakiita TLS. Sheria yake ni ya mwaka 1954, miaka saba kabla ya uhuru, na mipaka yake ni ya Bara tu. Zanzibar ina chama chake na daftari lake. Wanaobishana kuhusu Muungano kwenye vijiwe vya kahawa huwa hawaukumbuki mfano huu, na sijui kwa nini, maana ni mtamu.

Sheria hiyo ya 1954 ilifunga mambo mawili kwa kamba moja. Inakitaka chama kiwalinde na kuwasaidia mawakili. Pia inakitaka kiwalinde na kuwasaidia wananchi katika mambo ya sheria. Siku ya kawaida hayo mawili hayagombani. Siku wakili anapokula fidia ya ardhi ya mteja wake, chama kimlinde nani?

Je, wajua kwamba Uingereza, ilikotoka sheria hiyo, kamba hiyo ilishakatwa? Ripoti ya David Clementi ya mwaka 2004 ilisema haifai chama cha kutetea wanachama kiwe pia ndicho kinachowaadhibu. Mwaka 2007 ikatungwa sheria mpya ya huduma za kisheria: chama kikabaki na utetezi, chombo kingine kikachukua usimamizi, na juu yao likawekwa baraza linalomulika wasimamizi wenyewe. Afrika Kusini ilifuata njia yake kwa sheria ya mwaka 2014, na Baraza lake la Uanasheria likaanza kazi Novemba 2018. Jimbo la Arizona, Marekani, lilikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2021 mtu asiye mwanasheria anaweza kumiliki hisa kwenye kampuni ya uwakili. Ukiwaambia hilo mawakili wa rika la wazee hapa kwetu, watavua miwani.

Kwetu hatukuikata kamba. Tuligawa funguo. Jina la wakili linaingizwa daftarini na Jaji Mkuu. Malalamiko dhidi yake yanasikilizwa na Kamati ya Mawakili, ambamo wamo Jaji wa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali au mwakilishi wake, na wakili mmoja aliyependekezwa na TLS. Kamati inaweza kumwonya, kumsimamisha au kulifuta jina lake. Jaji naye ana uwezo wa kumsimamisha wakili papo hapo wakati shauri lake likisubiri kamati. Hesabu wajumbe wa kamati hiyo: watatu, na mawakili wa kujitegemea wana kiti kimoja. Wengine husema ndiyo dawa ya kulindana. Wengine husema Serikali, ambayo kila siku iko mahakamani ikibishana na mawakili haohao, haikupaswa kupewa kiti cha kuwahukumu. Mimi naona pande zote mbili zinasema kweli, na hapo ndipo penye kazi.

Je, wajua mwaka ambao uchaguzi wa TLS uligeuka habari ya ukurasa wa kwanza? 2017. Kabla ya hapo ulikuwa mkutano wa Arusha wa watu wenye tai; nani kachaguliwa, wenyewe ndio waliojua. Mwaka huo Tundu Lissu, mbunge wa upinzani, alijitokeza kugombea urais wa chama. Waziri wa Katiba na Sheria aliyekuwepo akaonya hadharani kwamba chama kikigeuzwa cha kisiasa Serikali haitakiangalia tu. Waziri huyo alikuwa nani? Harrison Mwakyembe. Machi 2017 mawakili wakamchagua Lissu. Septemba 7 mwaka huohuo alimiminiwa risasi Dodoma akiwa bado Rais wa TLS.

Mwaka uliofuata zilitoka kanuni mpya za uchaguzi zilizowafungia mlango wa uongozi wa TLS wabunge, madiwani, watumishi wa umma na viongozi wa vyama vya siasa. Mawakili wakamchagua Fatma Karume, ambaye hakuwa mbunge wala diwani, na mdomo wake haukuwa laini kwa Serikali hata kidogo. Septemba 2019, akiwa wakili kwenye kesi iliyopinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, alisimamishwa na Mahakama Kuu. Mwaka 2020 Kamati ya Mawakili ikamwondoa uwakili. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha ule usimamishwaji. Funguo zilezile, mikono ileile, milango tofauti.

Halafu 2024. Boniface Mwabukusi aliomba kugombea urais wa TLS, kamati ya rufaa ya uchaguzi ikamwengua kwa hoja ya maadili, akakimbilia Mahakama Kuu, ikamrudisha ulingoni. Agosti 2, Dodoma, akashinda.

Ukizipanga habari hizi pamoja utaona kitu kimoja: karibu mageuzi yote yaliyopigiwa kelele yalihusu nani aketi kiti cha juu. Ya yule anayekaa kwenye benchi la mbao nje ya mahakama, akiwa na bahasha ya kaki mapajani, yalipita kimyakimya. Na kwa maoni yangu ndiyo makubwa zaidi.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi wakili, hata awe na joho la hariri, hakuruhusiwa kumtetea mtu Mahakama ya Mwanzo? Chanzo chake ni cha kale na tukienda nacho tutafika tena milimani.

Mjerumani alipotawala Usambara, Lushoto akaiita Wilhelmstal. Mzungu mwenzake akishtakiwa alipelekwa mbele ya jaji aliyesomea sheria. Msambaa alisikilizwa na bwana mkubwa wa wilaya, kwenye kikao ambacho Wajerumani wenyewe walikiita kwa neno letu, shauri, wakiliandika "Schauri". Amri ya mwaka 1896 iliruhusu viboko hadi 25 kwa mkupuo, na watu wakaiita adhabu hiyo hamsa ishirini. Wakili hakuwa na nafasi hapo. (Kidokezo cha pembeni: lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima, ua la Usambara, lilipewa jina la kisayansi Saintpaulia. Limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, bwana mkubwa wa aina hiyohiyo, aliyelichuma huku mwaka 1892. Ua linapendwa sana.)

Mwingereza akaja na utawala wa kupitia machifu. Sheria yake ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 iliwazuia mawakili kuingia humo, na rufaa haikwenda Mahakama Kuu, ilipanda kwa maofisa wa utawala hadi kwa Gavana. Baada ya uhuru sheria ya mwaka 1963 iliunganisha mahakama zote kwenye ngazi moja, Mahakama ya Mwanzo ikiwa chini kabisa, lakini katazo la mawakili likabaki pale chini. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kijinga: mahakama ile ni ya mtu wa kawaida, kwa Kiswahili, na ukimruhusu mwenye fedha alete wakili, mwenzake asiye nazo ataonewa. Isitoshe, mahakimu wengi hawakuwa na shahada. Kwa muda mrefu walifundwa Mzumbe kwa ngazi ya cheti na stashahada.

Mwaka 2021 mlango ukafunguliwa nusu: wakili anaruhusiwa Mahakama ya Mwanzo ikiwa hakimu anayeiongoza ni hakimu mkazi, mwenye shahada yake. Mwaka huohuo sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Nimeshawaona mawakili wenye miaka 20 kazini wakihangaika kulitafuta neno la Kiswahili la jambo ambalo Msambaa yeyote wa Bumbuli analijua tangu barazani kwa babu yake.

Je, wajua kwamba kwa simulizi za Usambara, ufalme wenyewe ulianza na ugomvi wa mirathi? Kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili, kinasimulia habari za Mbegha, mwindaji wa Nguu aliyenyimwa urithi na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego, meno yake ya juu yaliota kwanza. Akahama, akafika milimani, akagawa nyama ya nguruwe pori, akawa anaamua kesi za watu, mwishowe wakamfanya mtawala. Hakuwa na leseni. Alikuwa na kitoweo na sikio la kusikiliza. Waliomfuata walitawala kutoka Vugha, na Wasambaa walikuwa na kipimo chao cha kiongozi: yupo anayeiponya nchi, kuzifya shi, na yupo anayeiharibu, kubana shi. Walipotaka kujua tofauti, walitazama mvua.

Je, wajua kwamba mwaka 1970 Serikali ilikuwa na shirika lake la uwakili? Liliitwa Shirika la Sheria la Tanzania, na kazi yake ilikuwa kuyahudumia mashirika ya umma. Zama za Azimio la Arusha hizo, wakili wa kujitegemea alitazamwa kama duka la mtu binafsi. Shirika lilikuja kufa. Mwaka 2022 mawakili wa Serikali nao wakazindua chama chao, tofauti na TLS, na Rais Samia ndiye aliyekizindua.

Sasa turudi kwa mwenye bahasha.

Je, wajua neno kishoka? Lilianza kwa mafundi umeme wa mitaani waliokuunganishia nyaya bila kibali. Siku hizi lipo kila sekta, na kwenye sheria kishoka ni yule asiye wakili lakini ana muhuri, ana kibanda karibu na mahakama, na anakuita "mteja wangu". Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa na kusajiliwa ambao huelimisha na kuelekeza. Hao hawaruhusiwi kutoza ada wala kusimama mahakamani kama mawakili. Kwa hiyo kipimo cha haraka ni hiki: msaidizi wa kisheria akikudai fedha, umekutana na kishoka.

Na je, wajua kwamba sheria inamtaka kila anayeandaa hati ya mahakama kwa malipo aandike jina na anwani yake kwenye hati hiyo? Ndiyo maana ya yale maneno madogo mwishoni: "Imeandaliwa na". Mstari huo mmoja ndio kamba inayomfunga wakili kwenye kazi yake. Hati ikiharibika, mteja anajua pa kwenda.

Mwaka juzi nilipanda kosta Mombo kwenda Lushoto. Pembeni yangu alikaa mama wa makamo, kitenge begani, kapu la dagaa miguuni. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naandika magazetini.

"Basi mwanangu nisomee hii," akatoa bahasha ya kaki kutoka kifuani.

Ilikuwa sababu za rufaa. Shamba la marehemu mumewe, shemeji ameshinda Mahakama ya Mwanzo, mama anataka kwenda Mahakama ya Wilaya. Rufaa hiyo ina siku 30 tangu hukumu isomwe. Nikaitazama tarehe ya hukumu, nikahesabu kwa vidole: zilibaki nne. Karatasi zilikuwa mbili, zimechapwa vizuri, sababu saba, ya tatu na ya sita zikiwa zilezile. Chini kabisa paliandikwa: "Imeandaliwa na: Mrufani mwenyewe."

"Mama, hii umeandika wewe?"

"Mimi naandika wapi? Kaniandikia wakili. Laki moja na nusu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kishoka hakuuacha wazi ule mstari. Aliujaza, kwa jina la mama. Hati ikikataliwa, aliyekosea ni mrufani mwenyewe, na mrufani mwenyewe hana mtu wa kumlalamikia.

Je, wajua kwamba hata penye kompyuta kishoka hupenya? Oktoba 2023, Kenya, Chama cha Wanasheria cha nchi hiyo kilitangaza kwamba kuna mtu aliyejipenyeza kwenye mfumo wake wa mtandaoni kwa kutumia akaunti ya wakili halisi mwenye jina linalofanana na lake. Magazeti yakaandika kwamba ameshinda kesi 26, wasomaji wakacheka, baadhi wakaomba namba yake. Kenya ina tume ya kupokea malalamiko dhidi ya mawakili tangu mwaka 1989, na tume hiyo haikuwa na la kufanya kwa mtu ambaye si wakili.

Na je, wajua kwamba Mahakama ya Tanzania ina mfumo uitwao e-Wakili, ambao mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuufungua, akaandika jina, akaona kama mhusika yumo daftarini na kama leseni yake ni hai? Hakuna malipo. Kwangu mimi hayo ni mageuzi kuliko chaguzi zote tatu nilizozitaja juu.

Nilimweleza mama. Alifurahi, akasogea. Nikatoa simu. Mtandao ulikuwa umekatika kwenye kona, tukangoja. Ulirudi tulipofika Soni, pale kosta inaposimama na vijana wanainua ndoo za peasi hadi madirishani. Ukurasa ukafunguka, kisanduku cha jina kikatokea.

"Anaitwa nani huyo wakili, mama?"

Akachukua simu yake ya kitochi, akabonyeza hadi kwenye majina, akanionyesha. Namba ilikuwepo. Juu yake, kwa herufi kubwa alizoziingiza mwenyewe yule bwana, paliandikwa WAKILI.